UZI: Frasila, pishi, ratili, wakia, tola na debe – tuzipeleke kwenye kilo hapa hapa

Karani wa Bwera

Wakubwa, salaam kwenu nyote.

Ukipita kwenye makundi ya wafanyabiashara wa hapa Uganda, kuanzia Mpondwe hadi Busia, hukosi mtu anayeuliza frasila ni kilo ngapi. Wanamjibu watu watatu, kila mmoja na namba yake, na wote wanaapa. Mwingine anauliza pishi. Huyu anamwambia kilo mbili na nusu, yule kilo tatu, wa mwisho anamwambia nenda kwa shekhe. Nimeona tufungue uzi mmoja, kila mwenye ujuzi wake atie neno, ili siku nyingine tukiulizwa tumwelekeze mtu hapa.

Kazi yangu ni vitabu vya ghala la mazao, kwa hiyo nitaanza na hivi vya mizani.

Lakini kabla hujashika kikokotoo, jiulize mambo mawili. Je, hicho kipimo ni cha kuning'iniza kwenye mizani, au ni cha kujaza na kumwaga? Halafu, ni cha wapi na cha bidhaa gani? Ukiruka maswali hayo utapata jibu lenye desimali sita na bado utamdhulumu mtu.

Ratili ndiyo msingi, tuanze nayo. Ratili wanayotumia watu leo ni ile ya Kiingereza, gramu 453.59237 kamili. Namba hiyo ilikubaliwa mwaka 1959 kati ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na haijabadilika. Kwa hesabu ya kichwa: chukua ratili zako, gawa kwa mbili, kisha utoe sehemu moja ya kumi ya ulichopata. Ratili 100 ni 50, toa 5, inabaki 45. Jibu la kitabu ni 45.36. Kwa mazungumzo ya sokoni inatosha, kwa kuandika risiti haitoshi.

Wakia 16 hufanya ratili moja. Kwa Waingereza wakia ni gramu 28.35. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, wakia ulikuwa uzito wa riali moja ya fedha ya Maria Theresa, na riali hiyo ina gramu 28.07. Riali 16 zinakuja gramu 449. Tofauti na ratili ya Mwingereza ni gramu nne na ushee, ndiyo maana watu walizichanganya bila ugomvi.

Frasila sasa. Ni ratili 35 au 36. Ya 35 ni kilo 15.88, ya 36 ni kilo 16.33. Wanaosema "kilo 16" wamekaa katikati, na kwa mazungumzo si vibaya. Lakini chukua frasila 40 za mzigo wowote: kwa 35 ni kilo 635, kwa 36 ni kilo 653. Hizo kilo 18 ni za nani?

Karibuni.

Nakaa Hapa

Nimeweka kigoda changu, chai ya tangawizi pembeni. Endeleeni.

Mzee wa Bombo

Wanangu, hamjambo. Frasila ni ratili 36, na sababu yake ipo. Sisi tulihesabu kwa mani. Mani moja ni ratili tatu, na mani kumi na mbili ni frasila. Tatu mara kumi na mbili ni thelathini na sita. Hiyo 35 haigawanyiki kwa mani, sasa mtu aliyekuwa na mawe ya mani angeipimaje?

Binti Elgon

Shikamoo mzee wetu. Hesabu yako imenyooka, siipingi. Ila karafuu ya Zanzibar imeandikwa kwa frasila ya ratili 35 miaka nenda rudi, na hawa ndio waliokuwa na maghala na forodha. Pembe za ndovu vilevile. Wazungu waliopita na misafara waliandika 35. Sasa nani mwenye frasila?

Karani wa Bwera

Mzee marahaba nyingi, dada asante. Nyote wawili mna frasila, na ndiyo maana nikauliza ya wapi na ya bidhaa gani.

Ya 36 inakaa vizuri kwenye nafaka, kwa sababu inagawanyika kwa mani na kwa pishi pia, kama nadhani mzee atatueleza. Ya 35 ni ya karafuu na pembe, mali iliyokuwa inapita mikononi mwa matajiri wa Unguja na meli za nje. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walifika Buganda kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na mizani hiyo ikaja nayo kwenye mgongo wa pagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani ratili 70, karibu kilo 32. Jino la ndovu la ratili 70 lilikuwa linaandikwa frasila mbili bila kuumiza kichwa.

Kwa hiyo ukiokota karatasi ya zamani imeandikwa frasila, tazama bidhaa kwanza. Karafuu au pembe, tumia 35. Nafaka iliyoandikwa pamoja na mani au pishi, tumia 36. Na kama karatasi yenyewe inaonyesha jumla ya ratili mahali popote, achana na sheria yangu: gawa ratili zake kwa frasila zake, mwandishi atakuwa amekujibu mwenyewe.

Kijana wa Ntinda

Samahani wazee, lakini haya yote si yamo kwenye simu? Unaandika namba, unachagua kipimo, inakupa kilo. Tunapoteza data.

Karani wa Bwera

Ndugu yangu, simu itakupa ratili ya Mwingereza, kwa sababu ndiyo ratili inayoijua. Haitakuuliza "ratili gani?" Frasila ukiipata humo itakuwa namba moja tu, imechaguliwa na mtu ambaye hajawahi kuona gunia. Na debe simu inalifanya nini? Haijui kama umejaza mahindi au pamba.

Tumia simu, mimi mwenyewe natumia. Lakini ipe namba baada ya kujua unachopima.

Hajati wa Kibuli

Assalaam aleikum. Nimesoma kimya kimya, sasa nitie swali langu maana linanisumbua kila Ramadhani. Zaka ya fitri tunaambiwa pishi moja ya chakula. Wajukuu wangu wananiuliza kilo ngapi za mchele. Msikiti mmoja unatangaza kilo mbili na nusu, wa pili kilo tatu. Pishi ni kilo ngapi kweli?

Mzee wa Bombo

Waaleikum salaam Hajati. Ngoja kwanza nieleze pishi ni nini, maana vijana wengi hawajaiona.

Pishi ni chombo. Si jiwe la mizani. Ndani ya pishi mna vibaba vinne. Vibaba viwili tunaita kisaga, visaga viwili ni pishi. Muuza mtama alikuwa na kibaba chake, kibati au kibuyu, anachota anahesabu kwa sauti.

Halafu kuna tele na mfuto. Kibaba cha tele ni kile kilichojaa mpaka kikaweka kichwa, nafaka inamwagika pembeni. Kibaba cha mfuto kimepitishwa kijiti juu, kikawa sawa na mdomo. Ukikopa kwa mfuto ukalipa kwa mfuto hakuna neno. Ukikopa kwa mfuto ukadaiwa kwa tele, umeliwa, na utalipa hivyo hivyo kwa sababu uliona aibu kuuliza mwanzoni.

Wenye maduka walihesabu pishi kuwa ratili sita. Pishi sita ni frasila, mnaona 36 yangu inavyorudi? Na pishi sitini ni jizla, yaani frasila kumi.

Karani wa Bwera

Mzee umemaliza kazi. Kwa kilo: kibaba ni ratili moja na nusu, gramu 680. Kisaga kilo 1.36. Pishi kilo 2.72. Jizla kilo 163.3. Hii ni hesabu ya dukani, ya nafaka nzito iliyojaa.

Hajati, swali lako lina tabaka la pili, na hapa mimi natoa hesabu tu, fatwa waachie wenyewe. Kipimo cha sheria kinaitwa saa, ambacho Waswahili tangu zamani wamekiweka sawa na pishi. Saa ina mudi nne, kama pishi ilivyo na vibaba vinne. Na saa sitini ni wasaq moja, kama pishi sitini zilivyo jizla. Ngazi ni ile ile kutoka chini mpaka juu.

Tatizo linaanza kwenye ratili. Vitabu vya Kishafii vinasema saa ni ratili tano na theluthi. Mtu anachukua 5.33 anazidisha kwa ratili ya Mwingereza, anapata kilo 2.42, anatangaza. Lakini ratili ya vitabu hivyo ni ya Baghdad, si ya London. Ratili ya Baghdad wanaiweka karibu gramu 408, kwa hiyo saa inakuja kilo 2.176 za ngano. Kwa Hanafi saa ni ratili nane, inapanda hadi kilo tatu na robo hivi.

Juu ya hapo, saa ni chombo. Kijaze ngano, kijaze mchele, kijaze tende, kila mara mizani itasema namba nyingine. Ndiyo maana misikiti inatofautiana: wengine wameongeza kidogo ili wawe upande wa salama. Kilo mbili na nusu na kilo tatu zote zinavuka ile 2.176, na kilo 2.72 ya mzee wa Bombo nayo inavuka.

Hajati wa Kibuli

Alhamdulillah, sasa nimeelewa kwa nini hawagombani. Nitatoa tatu, mchele wenyewe si almasi.

Mkulima Bugiri

Hapo kwenye wasaq nimeshtuka. Zaka ya mazao si inaanzia wasaq tano? Mimi nalima mpunga.

Karani wa Bwera

Ndiyo, wasaq tano ni saa 300. Kwa 2.176 ni kilo 653. Ukiweka pishi ya dukani, pishi 300 ni jizla tano, frasila 50, kilo 816. Tofauti ya kilo 163, yaani jizla nzima! Mkulima aliyevuna kilo 700 yuko ndani kwa hesabu moja na nje kwa nyingine. Hapo usiniulize mimi wala usimuulize mzee, panda bodaboda umfuate shekhe wako na umwambie umevuna kilo ngapi, si magunia mangapi.

Sonara Kla

Kwa kuwa mmeingia zaka, nilete dhahabu, maana huku ndiko watu wanaumia kweli kweli.

Tola ni gramu 11.6638. Imetoka India, na kwenye maduka ya Kihindi hapa Kampala wazee bado wanaongea kwa tola. Kule kwao tola 80 zilikuwa seri moja, gramu 933, na seri 40 zikafanya mani ya Kihindi, kilo 37.32. Tazameni: mani ya Mzee wa Bombo ni ratili tatu, mani ya Kihindi ni zaidi ya ratili 82. Jina moja, mzigo tofauti kabisa.

Kwenye nisabu ya dhahabu, yaani kiwango ambacho zaka inaanzia, wengi mnasikia gramu 85. Wenzetu wa asili ya India na Pakistani wanasema tola saba na nusu, ambazo ni gramu 87.48. Fedha mnasikia gramu 595, wao wanasema tola 52 na nusu, gramu 612.

Sasa jambo lililonileta. Bei ya dhahabu duniani hutangazwa kwa wakia. Lakini si ule wakia wa gramu 28.35 aliouandika karani. Wakia wa dhahabu una gramu 31.1035, na tola moja ni sehemu tatu za nane za wakia huo, kamili bila chenji. Chukueni mfano rahisi: wakia uwe dola 3,110. Ukigawa kwa 31.1035 unapata karibu dola 100 kwa gramu. Ukigawa kwa 28.35 unapata karibu dola 110. Mchimbaji wa Busia au Mubende anayegawa kwa 28.35 anakuja kwangu amekunja uso, anasema namwibia dola kumi kila gramu. Simwibii, anatumia wakia wa sukari kupimia dhahabu.

Wachimbaji wenyewe wanauziana kwa pointi. Pointi kumi ni gramu moja. Na upande wa Kongo nimeona watu wanaweka njiti za kiberiti na sarafu kuukuu kwenye mizani ya mkono, bakuli mbili na uzi. Njiti ikilowa ni nzito, ikikauka ni nyepesi. Biashara ya dhahabu hiyo!

Nakaa Hapa

Njiti ya kiberiti 😂😂 Banange. Na mvua ya Bunia ilivyo.

Kijana wa Ntinda

Sonara, kareti je? 24, 22, 18?

Sonara Kla

Hiyo ya dhahabu si uzito, ni usafi. Kareti 18 ni sehemu 18 za dhahabu katika 24, robo tatu. Pete ya gramu 4 ya kareti 18 ina dhahabu gramu 3. Kareti ya vito ndiyo uzito, gramu 0.2. Usizichanganye mbele ya mchumba.

Busia Kwetu

Mimi niwarudishe kwenye mahindi, maana dhahabu hatuna. Huku mpakani gunia letu la Uganda ni kilo 100. Wakenya gunia lao ni kilo 90. Mtu mgeni anavuka na magunia 45, anauza "magunia 45" kwa bei ya gunia ya kule, anashangilia bei ni nzuri. Amewaachia kilo 450.

Karani wa Bwera

Hii nzuri. Magunia 45 ya kilo 100 ni kilo 4,500, na hizo ni magunia 50 kamili ya kilo 90. Hatakiwi kudai chochote zaidi ya gunia tano zake.

Na hiyo 90 wala si ya ajabu. Ratili 200 ni kilo 90.7. Ni gunia la ratili lililovaa nguo ya kilo.

Busia Kwetu

Halafu kuna lumbesa, gunia linaloshonewa kofia juu. Hapo hata kilo 100 ni ndoto, unaweza kukuta 130 na mnunuzi anakuangalia usoni anasema "gunia moja". Viazi ndiyo usiseme. Kenya walitoa kanuni za viazi mwaka 2019, mfuko usizidi kilo 50, lakini sokoni uzi na sindano bado vinafanya kazi.

Afande Mstaafu

Tusisahau pamba. Mimi ni wa Lango, baba zetu waliuza pamba kwa ratili na bei ilikuwa senti kwa ratili. Ugomvi wa mizani na wenye vinu ulikuwa mkubwa. Wakulima wa Buganda walipoasi mwaka 1949, moja ya madai yao ilikuwa wachambue pamba wenyewe.

Swali langu: nina karatasi za zamani za chama cha ushirika, robota, yaani yale mafurushi ya pamba iliyoshindiliwa, zimehesabiwa. Nataka kulinganisha na robota za leo.

Karani wa Bwera

Afande, heshima yako. Robota la zamani la Uganda lilihesabiwa ratili 400, ambazo ni kilo 181.4. La sasa ni kilo 185. Kwa hiyo robota 1,000 za zamani ni kama 981 za leo. Si tofauti ya kupigania, ila ukijumlisha miaka mingi inaonekana. Peleka zote kwenye kilo, halafu ndiyo ulinganishe.

Lakini kuhusu bei kuwa makini. Uzito ukitoka ratili kwenda kilo namba inapungua. Bei inapanda. Senti 50 kwa ratili ni shilingi moja na senti kumi kwa kilo, unazidisha kwa 2.2046. Nimeshaona ripoti ya watu wenye shahada wamezidisha bei kwa 0.45, mkulima wa zamani akaonekana alikuwa maskini mara tano kuliko alivyokuwa.

Binti Elgon

Na kwa wale wanaodhani ratili imekufa, njooni Mbale. Arabika yetu ya Bugisu inafuata bei ya New York, na New York wanataja senti za Kimarekani kwa ratili mpaka leo. Mkataba mmoja kule ni ratili 37,500, tani 17 hivi. Robusta inafuata London, ambako wanataja dola kwa tani. Nchi moja, kahawa mbili, vipimo viwili, na mkulima analipwa shilingi kwa kilo.

Njia yangu: senti za New York zidisha kwa 2.2046, gawa kwa 100, unapata dola kwa kilo. Ikiwa senti 200, ni dola 4.41 kwa kilo, na gunia la kilo 60 ni dola 264 na ushee. Ya London gawa kwa elfu tu, umemaliza.

Ila usikimbie na namba hiyo kwa mnunuzi wa kijijini ukamwita mwizi. Bei hiyo ni ya kahawa iliyokobolewa, imepangwa, iko njiani kwenda melini. Wenzangu wa Masaka wanauza kiboko, kahawa yenye ganda lake kavu. Kiboko kikikobolewa kinabaki karibu nusu ya uzito, hiyo ndiyo kase. Kilo 100 za kiboko ni kilo 50 na kidogo za kase, na kama ilikuwa haijakauka vizuri hata hizo huzioni. Anayelinganisha bei ya kiboko na bei ya London bila kugawa kwa mbili anajitafutia presha bure.

Masaka Kahawa

Nnyabo umesema kweli. Na anayeuza kiboko kwa debe badala ya kilo ndiye anayefilisika mapema.

Kijana wa Ntinda

Haya, nimekubali, debe. Ni kilo ngapi?

Karani wa Bwera

😀 Debe la nini?

Kijana wa Ntinda

Mahindi!

Karani wa Bwera

Debe asili yake ni kibati cha mafuta ya taa cha galoni nne, lita 18.2. Siku hizi wengi wanatumia la lita 20. Hapo tu umeshapoteza lita mbili kabla hujatia punje. Mahindi makavu yaliyopukuchuliwa, debe la lita 20 hutoa kilo 15 hivi. La lita 18, kilo 13 na nusu. Maji kwenye debe hilo hilo ni kilo 20, mafuta ya kupikia kilo 18.4.

Sasa tazama muuzaji mjanja anavyojaza. Anamimina kutoka juu, polepole, nafaka inakaa kwa hewa. Hataki uliguse. Mnunuzi mjanja naye analipiga chini, tu! tu! tu!, nafaka inashuka vidole viwili, anasema jaza. Halafu wanagombania kichwa: tele au mfuto, yale yale ya mzee wa Bombo. Kabla ya yote geuza debe utazame kitako. Kikiwa kimegongwa kuingia ndani, ni la kuuzia. Kikiwa kimetuna nje, ni la kununulia. Mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote mawili, la asubuhi na la jioni.

Vikombe hali ni hiyo hiyo. Tumpeco ya nusu lita, huwezi kuniambia ni nusu kilo ya kila kitu. Ya maji ndiyo, ya maharage hapana, ya unga wala usiseme.

Afande Mstaafu

Basi suluhisho mizani.

Masaka Kahawa

Mizani nayo ina wenyewe, afande. Ile ya kuning'iniza, mshale unaanzia chini ya sifuri. Au gunia linaguswa goti wakati wa kusoma. Mimi kuna mnunuzi kahawa yangu ilikuwa inapungua kila nikifika kwake, nyumbani namba nyingine, kwake nyingine. Nilihama, sikugombana.

Karani wa Bwera

Kuna njia ya kuikamata bila kelele. Beba maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina siasa. Nunua katoni ya chupa za lita moja na nusu zisizofunguliwa. Chupa kumi ni kilo 15, ongeza gramu chache za plastiki kwa kila chupa. Ziweke kwenye gunia tupu, tundika. Mizani ikisema 13, umeshajua. Usitumie jerikani ya lita 20 uliyojaza bombani, ukiijaza mpaka shingoni inabeba zaidi ya 20.

Angalia vilevile kibandiko cha UNBS, shirika la viwango la Uganda. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kubandikwa. Tarehe ikiwa imepita, au kibandiko kimekwanguliwa, una haki ya kuuliza kabla hujashusha mzigo. Ukiuliza baada ya kushusha hakuna atakayekusikia.

Mjukuu wa Arua

Nimechelewa uzi, mniwie radhi. Huku kwetu West Nile asali tunauza kwa jerikani ya lita 20. Kuna mnunuzi wa Kampala anataka nimuuzie kwa kilo, anasema jerikani ni kilo 20 kwa hiyo bei ya jerikani agawe kwa 20. Nikubali?

Sonara Kla

Usithubutu!

Karani wa Bwera

Mjukuu, asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ni kama kilo 1.4, kwa hiyo lita 20 ni kilo 28. Akigawa bei ya jerikani kwa 20 kisha akakulipa kwa kilo halisi, wewe ndiye unayepata zaidi. Akigawa kwa 20 na akakuhesabia kila jerikani kuwa kilo 20, hakuna kilichobadilika. Akigawa kwa 28, bei yako ni ile ile ya jana. Muulize kwanza atapima au atakadiria.

Mjukuu wa Arua

Amesema atapima. Na hajui hiyo 28.

Mzee wa Bombo

Mjukuu, mwambie. Utamuuzia asali na mwaka kesho.

Mjukuu wa Arua

Sawa babu. Na jerikani yenyewe tupu inatolewa?

Karani wa Bwera

Inatolewa. Pima tupu, andika kwa kalamu ubavuni mwa jerikani, kisha ujaze.